Mdomo wa Viboksi

Mke wangu anaitwa Mama Viboksi. Jina hilo tulimpa sisi madereva, kabla mimi sijapata ruhusa ya kumwita jina lingine lolote. Yeye ni mtunza stoo kwenye ghala la magodoro, na mimi naendesha lori la ghala hilo hilo. Watu wakisikia magodoro wanadhani ni kazi ya kulala. Waje wapakie. Godoro halina uzito wa maana lakini lina ukaidi: ukilikunja linakunjuka, ukilisimamisha linalala, na ukishajaza lori ndipo unagundua yale makubwa yamebaki nje, na yale ya watoto yamejitandaza ndani kama wageni waliowahi viti.

Basi yeye akalichora lori langu kwenye kompyuta. Hakutumia programu ya wachoraji. Alitumia lahajedwali, ile karatasi ya kompyuta yenye viboksi ambayo wahasibu huitumia kujumlisha. Alivibana viboksi vikawa vya mraba, akavipaka rangi, likatokea lori kama unavyolitazama kutoka juu ya paa. Ukichagua aina ya godoro, viboksi vya ndani ya lori vinajaa rangi ya buluu. Ukizidisha, lori zima linageuka jekundu. Hakuna mtu aliyeandika programu hapo. Kila kiboksi kina fomula yake fupi, na kinachofanya ni kuwatazama wenzake tu.

"Kimoja kikibadilika, vyote vinavyokitegemea vinabadilika vyenyewe," alinieleza. "Havingoji kutumwa."

Nikamwambia natamani ndugu zangu wangekuwa hivyo.

Siku ya kwanza kulitumia, lori lilinigeukia jekundu. Nikasema kompyuta haijawahi kuendesha gari, nikapakia vilevile. Njiani magodoro mawili yakadondoka, na mwenye pikipiki akapita juu ya moja huku ananipungia mkono kwa furaha. Niliporudi, Mama Viboksi hakuniuliza chochote. Alirudisha ile picha, akalifanya lori likawa jekundu tena mbele ya macho yangu, akaendelea kunywa chai. Nikajua nimepata mke.

Tatizo lilikuwa baba yake.

Baba mkwe alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha uchapaji, akiwa msahihishaji, yaani mtu anayesoma kila kitu kabla hakijachapwa na kutafuta makosa. Alipostaafu, macho yake yalikataa kustaafu. Mtaani walimwita Mzee Nukta kwa sababu alitembea na chaki mfukoni, na akikuta bango halina nukta mwishoni aliliwekea. Fundi viatu mmoja aliandika VIATU INASHONWA HAPA. Mzee alisimama pale mbele na kiatu chake kilichochanika, akakataa kumpa kazi mpaka bango lirekebishwe. Kiatu chenyewe alikuwa amekivua, kwa hiyo alingoja kwa mguu mmoja.

Sasa mimi ni mtu wa "i". Nilikokulia kila kitu ni "i". Kiti imevunjika, mti imeanguka, dirisha iko wazi. Tunaelewana, tunaoana, tunazikana, na hakuna aliyewahi kukosa kaburi kwa sababu ya sarufi. Nikiandika najikaza, kama mnavyoona. Nikifungua mdomo, "i" zinatoka zenyewe.

Siku niliyokwenda kujitambulisha nyumbani kwao, niliketishwa sebuleni na Mzee Nukta akakaa mbele yangu bila kusema neno. Kimya kikanizidi nguvu. Nikaona nisifie kitu chochote kilicho karibu. Nikagonga nilichokikalia.

"Mzee, kiti yako iko imara sana."

Akanitazama. "Kiko," akasema.

Nikafikiri anaulizia kiko cha kuvutia tumbaku. Nikajua hapa napimwa tabia. "Hapana, mzee," nikajibu kwa heshima zote, "mimi sivuti."

Mchumba wangu akakimbilia jikoni, na huko tukasikia mtu anapaliwa. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, halafu akatazama dari. Alinipa binti yake, sikatai. Lakini tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalikuwa hivyo hivyo miaka yote. Mimi nasema sentensi, yeye anarudisha neno moja. "Umeanguka." "Limefungwa." "Vimeisha." Nilikuwa nikirudi nyumbani nalalamika kwamba baba yako hanipendi. Mke wangu ananijibu, "Angekuwa hakupendi angekuacha ukosee." Sikumwamini.

Kisha mzee akapata kiharusi.

Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa mzito, na sauti ikaenda kabisa. Mama mkwe alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tukamleta kwetu, tukampa chumba chenye dirisha la barabarani. Dada wa hospitali anayefundisha wagonjwa kuongea alitueleza wazi. "Akili ya mzee ni nzima. Maneno yako ndani, yamefungiwa. Yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi. Msiache kuongea naye, na mtafutieni njia ya kuwajibu."

Tulimpa kalamu ashike kwa mkono wa kushoto. Aliandika neno moja, akautazama mwandiko wake, akaikunja karatasi akaitupa chini ya kitanda. Mtu aliyesahihisha vitabu hakuwa tayari kuonekana na mwandiko wa kuku. Tukabaki kubahatisha. Baba unataka maji? Unataka mto? Tufungue redio? Yeye anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Tulipofika kwenye choo, mara nyingi tulikuwa tumechelewa. Niliyaona macho yake siku kama hizo, na roho iliniuma, hata mimi ambaye nilikuwa na kinyongo naye.

Aliyeleta balaa zaidi ni Shangazi, yaani dada mkubwa wa mzee. Shangazi si mbaya. Ni mtu wa huruma, ila huruma yake haina mlango wa kutokea. Alikuja, akaketi kitandani, akawa anamjibia. "Anataka supu. Sasa anataka kulala. Anasema jua linamchoma." Mzee alikuwa anamkodolea macho tu. Kisha Shangazi akatoka nje na kutuambia kwa sauti ya chini ambayo hata majirani waliisikia.

"Watoto wangu, tusidanganyane. Huyu akili yake imeshaondoka. Nyie mnakwenda kazini, anabaki anatazama ukuta. Nitamchukua kwangu. Nina chumba cha nyuma kimetulia, nitavuta mapazia, apumzike."

"Shangazi, hospitali wamesema anaelewa kila kitu," mke wangu akasema.

"Madaktari husema hivyo kuwafariji." Akamshika mke wangu mkono. "Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi na gari."

Usiku ule, au tuseme jioni ile maana mke wangu hulala mapema, aliniambia jambo ambalo lilinikaa. "Kwa Shangazi hatakosa chakula wala nguo safi. Atakosa mtu wa kumuuliza. Atavutiwa mapazia, atajibiwa kila kitu, mpaka afe." Halafu akalia. Akishalia huwa anafungua kompyuta, na hivyo ndivyo alivyofanya.

Alichukua tableti, ambayo mzee siku zake nzuri alisisitiza iitwe kishikwambi, akaweka lahajedwali ndani yake, akaanza kujenga. Safu moja aliweka picha za watu: yeye mwenyewe, mimi, Shangazi, mzee. Safu nyingine vitu: kikombe, maji, kitanda, mto, dirisha, taa, redio, choo. Nyingine vitendo na hali. Chini ya kila picha kisanduku cha kutia tiki kwa kidole. Juu kabisa kiboksi kirefu cha njano, na hicho ndicho kilikuwa mdomo. Kinavitazama visanduku vyote. Ukitia tiki kwenye dirisha na kwenye kufunguka, kinaokota maneno na kuyaunga. Ukikigusa, tableti inayasoma kwa sauti ya mwanamke aliyebanwa na mafua.

"Lori tu hili," alisema. "Badala ya magodoro napakia maneno."

Ili fomula iwe moja na nyepesi, vitu vyote alivipa kiungo kimoja, "i". Akaniita nisikilize. Tableti ikasema puani: "Kitanda imevunjika. Dirisha imefunguka. Kikombe imejaa."

"Inasikika sawa?" akaniuliza. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Inasikika sawa kabisa," nikamjibu. Nilimaanisha. Masikio yangu hayakuona tatizo.

Tukaipeleka kwa mzee. Mke wangu akamwonyesha jinsi ya kugusa. Uso wa mzee, ule upande unaofanya kazi, ukachangamka. Akanyoosha kidole cha kushoto, akatia tiki kwenye mto, akatia tiki kwenye kuanguka. Ni kweli, mto ulikuwa umedondoka sakafuni. Akakigusa kile cha njano.

"Mto imeanguka," ikasema tableti.

Mzee akaitazama tableti. Akanitazama mimi. Akafumba macho.

Nikaelewa palepale. Maskini ya Mungu alikuwa amenyang'anywa mdomo wake mwenyewe, na sasa mwanawe amemletea mdomo mpya, na mdomo wenyewe ni wangu.

Aligoma. Hakugusa tena. Kikombe kilikauka mbele yake, naye hakukubali kusema "kikombe imeisha maji". Mke wangu akambembeleza, akamsihi, akampandishia. "Baba, hii ni kwa ajili yako! Una kiu au huna?" Mzee akanyoosha kidole na kuanza kugonga kioo kwa ukucha. Tulifikiri amekasirika tu. Lakini alikuwa akigonga mahali pamoja, kwenye herufi moja, ile "i". Ka, ka, ka.

Mke wangu akakaa chini. "Baba," akasema polepole, "unanigomea kwa sababu ya ngeli?"

Mzee akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mke wangu akatengeneza karatasi ya pili nyuma ya ile ya picha, isiyoonekana. Safu ya kwanza majina, safu ya jirani viungo vyake: kitanda, ki, dirisha, li, mto, u, maji, ya. Fomula ikipata jina inakwenda nyuma, inatafuta mstari wa jina hilo, inachukua kiungo cha jirani yake, inarudi mbele mbio kukibandika. Akaongeza na viungo vya wangu, changu, langu. Taa ikabaki na "i", na redio pia. Nilifurahi kuona angalau baadhi ya "i" zangu zimekubaliwa kihalali.

Na mzee akawa ndiye mkaguzi. Alidai kiboksi kimoja zaidi. Alidai kwa kuchora alama ya mkasi, ile X ya mwalimu, hewani kwa kidole mpaka tukaelewa. Mke wangu akamwekea kisanduku chekundu kilichoandikwa KOSA. Akikitia tiki, kioo kizima kinageuka jekundu kama lori langu, na mwanamke wa mafua anasema, "Kosa."

Sijawahi kumwona mtu akipenda kitu namna ile. "-ingi" peke yake ilimtoa mke wangu jasho: watu wengi, mito mingi, makosa mengi, viti vingi, taa nyingi. Kila alipokosea kioo kinawaka. Mzee hakutosheka na tableti yenyewe. Mtangazaji wa redio akiteleza, kosa. Jirani akimjulia hali vibaya, kosa. Nikiingia na kusema, "Mzee, mlango nimefunga, iko sawa," nasikia nyuma yangu puani, "Kosa." Nilimlalamikia mke wangu kwamba hata ugonjwa haukuniokoa. Lakini ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa imepata uhai. Asubuhi mzee aliagiza: "Dirisha lifunguliwe." Jioni alishtaki: "Binti yangu amechelewa." Hakubahatishiwa tena choo. Alikuwa anakisema mwenyewe, kwa sarufi safi, kwa wakati.

Kuhusu mimi, hakuwahi kusema lolote zaidi ya KOSA. Picha yangu ilikuwa pale, na kofia ya udereva. Hakuwahi kuigusa.

Jumapili ya Shangazi ikafika. Mke wangu aliamka na wasiwasi, akaoga, akampigia mzee pasi shati. Mimi nikataka kusaidia. Nikachukua tableti, nikafungua ile karatasi ya nyuma, nikaona majina yamekaa shaghalabaghala: mara kitanda, mara dada, mara maji. Nikasema, hivi leo akitaka kuongeza neno mbele ya mgeni ataanza kuhangaika kutafuta? Ngoja niyapange kwa alfabeti. Nikayachagua majina, nikabonyeza kupanga. Tableti ikaniuliza kama nataka na safu ya jirani ipangwe pamoja. Nikajibu hapana. Mambo ya jirani hayanihusu.

Majina yakajipanga vizuri, mstari mmoja, yanapendeza. Viungo vikabaki pale pale vilipokuwa. Nikafunga, nikaenda kuchemsha chai, moyo mweupe kabisa.

Shangazi akaingia na dereva wake, shuka za mgonjwa na mfuko wa kubebea nguo. Akambusu mzee kwenye paji la uso. "Twende zetu, mdogo wangu. Mwangalieni, hata hajui kama ni mimi."

"Shangazi," mke wangu akasema, "muulize mwenyewe. Sasa anaongea."

Akamwekea mzee tableti mapajani. Shangazi akakunja mikono. Mzee akatengeneza miwani, akanyoosha kidole kama zamani alivyokuwa akinyoosha kalamu. Tiki kwa dada. Tiki kwa kufika. Akakigusa cha njano.

"Dada changu kimefika," ikasema tableti.

Shangazi akakunjua mikono.

"Kimefika?" Shangazi akauliza. "Mimi ndiye kimefika?"

Mzee akashtuka. Akafuta, akajaribu tena, safari hii kwa haraka, akatia tiki kwenye picha yenye kofia ambayo hajawahi kuigusa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia.

"Mkwe langu limeingia."

Dereva wa Shangazi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mimi mwenyewe nilihisi nimeongezeka ukubwa na kupungua thamani. Mzee akajaribu mara nyingine, kwa picha zozote zilizokuwa karibu na kidole. "Kitanda wangu amelala," ikasema ile sauti ya mafua, tena kwa utulivu wa ajabu.

Shangazi akaanza kulia. Alilia kwa uchungu kweli. "Ndugu yangu maskini. Aliyekuwa akisahihisha dunia nzima! Kitanda amelala! Sikuwaambieni? Mnamtesa. Huyu ameshaondoka, amebaki mwili tu. Toeni hicho kidude, mvalisheni viatu."

Mke wangu alinyoosha mkono kuichukua tableti, lakini mzee akaibana kifuani. Akatia tiki kwenye KOSA. Kioo kikawaka chekundu. "Kosa." Akatoa, akatia tena. "Kosa." "Kosa." "Kosa." Jasho linamtoka, uso umemvimba, anatazama kioo kama mtu anayemtazama mwizi wake. Shangazi akainama kumshika bega amtulize. Mzee akamdaka mkono wa gauni, akamvuta mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akaita tena sentensi ya kwanza. "Dada changu kimefika." Akaanza kugonga kwa ukucha, pale penye "ki". Ka, ka, ka. Akaonyesha "changu". Ka, ka, ka. Akamwonyesha dada yake, akatikisa kichwa kwa ghadhabu, akapiga KOSA kwa ngumi.

Shangazi alikaa vile vile ameinama. Machozi yakasita katikati ya mashavu.

"Nilipomzika mume wangu," akasema taratibu, hakuwa anamwambia yeyote, "nilijitupa kaburini nikapiga yowe, 'Moyo yangu imevunjika!' Watu wote wakalia. Huyu akanishika kunitoa, akaninong'oneza sikioni, 'Wangu umevunjika.'"

Akainuka. Akamtazama mdogo wake usoni, moja kwa moja, nadhani kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Ni yeye," akasema. "Jamani, ni yeye mwenyewe, mzima, na ukorofi wake wote! Yumo humo ndani!" Akampiga kofi dogo la bega. "Mimi nakulilia kumbe wewe unanisahihisha?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, hasa.

Wakati huo mke wangu alikwishaichukua tableti na kufungua karatasi ya nyuma. Nikamwona anasoma. Binti, choo, dada, dirisha, kikombe, kitanda. Alfabeti safi. Akainua uso polepole.

"Nani amepanga haya majina?"

Nikaanza kuisifia chai. Nikasema ina tangawizi. Hakuna aliyehitaji jibu zaidi ya hilo. Akabonyeza alama ya kurudi nyuma, majina yakaruka kila moja likaenda kwa jirani yake wa zamani, na mdomo wa mzee ukapona. Kisha akamrudishia mapajani, akapiga magoti kando ya kiti.

"Baba," akasema, "Shangazi amekuja kukuchukua. Kwake ni kuzuri, na anakupenda. Ukitaka kwenda, nenda, sitakasirika. Ukitaka kubaki, sema."

Mzee alitazama dirisha la barabarani. Akamtazama dada yake, akamtazama binti yake. Halafu akanitazama mimi na sinia langu, kwa muda mrefu, kama siku ile ya kiti. Akatia tiki. Mimi. Kukaa. Hapa.

"Ninakaa hapa," ikasema tableti.

Mke wangu akafunika uso. Mzee alikuwa bado hajamaliza. Akafuta, akatafuta kidogo, akatia tiki nyingine mbili, na kidole chake kikanielekea mimi kabla ya kukigusa cha njano.

"Makosa ni mengi."

Shangazi alicheka mpaka akalazimika kukalia zile shuka za mgonjwa alizokuja nazo. Alikunywa chai yangu vikombe vyote alivyopewa. Akiondoka aliacha mfuko mtupu na agizo moja: lile "changu kimefika" lisije likasikika tena katika ukoo huu.

Tangu hapo nina kazi ya ziada ambayo hailipwi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kupakia magodoro nampelekea mzee chai, na kila asubuhi namkosea sentensi. Nyingine naziandaa njiani kutoka jikoni. Nyingine sihitaji kuziandaa. Kioo kinawaka, mwanamke wa mafua ananikemea, mzee anakaa wima kitandani kama mtu aliyeripoti kazini. Yule dada wa hospitali akija anamfanyisha midomo, "a", "o", "u", na mzee anatoa pumzi tu, hewa tupu. Nikaanza kuamini kwamba sauti ya kweli haitarudi, na kwamba ile ya viboksi inatosha.

Juzi niliweka kikombe kwenye stuli, upande wa mkono wake mzuri. Tableti ilikuwa ukutani inachajiwa, mbali na kidole chake. Sikuliangalia hilo. Nikasema kama kawaida yangu:

"Mzee, kikombe iko hapo."

Akanyoosha mkono kutafuta KOSA lake, akakuta shuka. Akatazama ukutani. Akanitazama mimi. Niliona kitu kinapanda shingoni mwake, mshipa umemsimama, ule upande wa mdomo uliolala ukaanza kucheza.

"Ki," akasema.

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Ki... ko."

Ilikuwa sauti yenye kutu, lakini ilikuwa yake. Sikuwa nimeisikia mwaka mzima, na nilikuwa nimeikumbuka kuliko nilivyojua. Nilitaka kusema jambo la maana. Machozi yananitoka, nikajikuta namjibu kwa heshima zote:

"Hapana, mzee. Mimi sivuti."

Nusu ya uso wake ikacheka. Mwili wote ukacheka, kitanda kikalia. Nikakimbilia mlangoni, nikapiga kelele kuelekea jikoni, "Mama Viboksi! Njoo haraka! Mdomo ya mzee imefunguka!"

Na kutoka kitandani nyuma yangu, kwa shida, kwa hasira, ikaja sauti yake tena.

"U... me..."

Hilo la mdomo, Mungu ni shahidi yangu, sikulikosea kwa makusudi.